Watashiba

Gari lilishuka bandarini Mombasa na karatasi zake zote,
ila wimbo haukuandikwa popote katika orodha:
spea moja, jeki, mazulia manne,
mwavuli wa mtu, umesahauliwa chini ya kiti,
sahihi ya karani, muhuri.

Shangazi Mwanashee alilipa kwa pesa za halua,
miaka kumi na mmoja ya kukoroga,
mkono wa kulia umekomaa kama mpini.
Akalileta Malindi mwenyewe, polepole,
na kila alipozima na kuwasha
mwanamke akaimba.

Nusu dakika tu. Kinanda, halafu sauti,
halafu kitu kama mvua juu ya bati,
halafu mwanamume, maneno matatu ya haraka,
kama muuzaji anayetaja bei.
Kimya. Mpaka ufunguo mwingine.

Fundi Kitsao pale Maweni aliingiza kisu cha siagi,
kibano, sumaku, bismillahi ya kuazima.
Sidii haikutoka.
"Mama, hii redio imemeza," akasema,
"na ikishameza haitapiki."
Akamtoza mia mbili za kujaribu.

Basi tukaishi nao.
Asubuhi ya shule, watoto saba kiti cha nyuma,
hatujui lugha, tunaipekua
kama mtu anayepekua mifuko ya koti la mtumba,
huenda kuna chetu humo.
Kikapatikana. Mwanamke alianza: watashi...
akavuta pumzi, na kabla hajairudisha
sisi tukamalizia: ba!
Watashiba!
Saba sisi, tumbo na chai kavu,
watashiba mpaka geti la shule.

Ramadhani alilisimamisha nje kwa Bi Somoe,
dakika moja kabla ya adhana, tende mkononi,
akawasha.
Jirani mmoja alinung'unika siku tatu.
Ya nne alitoka na kiti chake.

Bi Somoe, ambaye mizani anaihesabu kwa vidole
hata akikusalimu,
alisema wimbo huu una kina lakini hauna bahari,
akaupimia ubeti:

Umetoka mbali mbali, hukutajwa kwa mizigo,
hukuulizwa asili, wala ushuru kidogo,
lugha yako hatujali, tumependa lako zogo,
imba nasi wenye njaa: watashiba, watashiba.

Mwaka jana, njia ya Gede, shangazi alipakia mgeni,
mzee wa kofia ya kitambaa, goti bovu.
Akazima gari anunue mahindi ya kuchoma.
Akawasha.
Mzee akaimba.
Wote, na mvua, na yale maneno matatu ya bei.
Akacheka. Kisha akavua miwani
na hakuivaa tena mpaka Malindi.

Kwa Kiingereza cha vipande na mikono miwili akaeleza:
tangazo. La televisheni, baada ya habari, kabla ya mchezo.
Mkewe alikuwa akiosha vyombo, akiuitikia kutoka jikoni.
Wimbo ulitungwa uuze gari hili hili, si jingine,
na gari lilipoacha kuundwa
wimbo nao ukaachwa.
Kwetu, alisema, hakuna anayeuimba.

"Na watashi?" shangazi akauliza, mahindi mdomoni.
Mzee akajigusa ncha ya pua kwa kidole.
Mimi.
"Mimi nini?"
Mimi, basi. Mimi.

Nauli aliikataa, jambo ambalo
sijawahi kumwona akilifanya, hata kwa maiti.

Nilidhani atawaambia watoto.
Asubuhi yake, ufunguo. Kinanda.
Sasa ni watoto wengine, saba vile vile, mabegi mapajani.
Watashi...
Ba! wakapiga kelele, vioo vikatetemeka.
Nami niliyekaa mbele nikamwona shangazi
akijigusa pua, kidogo,
kama anayefuta jasho,
kisha akatia gea.